Benki Ilikula, Mimi Nikaitwa Mwizi

Waliibeba cherehani yangu ikiwa bado na kitambaa chini ya sindano. Ilikuwa sketi ya shule, ya kijani, upande mmoja umeshonwa na mwingine bado, na uzi ukawa unaburutika sakafuni nyuma yao mpaka nje. Walikuwa wanawake sita wa chama chetu cha akiba. Wanne walishika miguu ya meza yake. Mwenyekiti alitangulia kufungua mlango. Wa sita, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yule anayeuza omena, samaki wale wadogo wakavu, karibu na steji ya matatu ya Kimbo, alibaki katikati ya nyumba akiangalia miguu yake.

"Na hii pasi?" mmoja akauliza.

"Pasi muachie," mwenyekiti akasema. "Ataenda kortini na nguo imejikunja?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, mikono mapajani. Milango yote ya vyumba vya kupanga vya ploti yetu ilikuwa wazi. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisa, wanakula. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuna nini, kwa sababu kila mtu alijua. Hiyo ni sheria ya chama, na tuliitunga wenyewe tukiwa tunakunywa chai: ukikula pesa ya wenzako, wanakuja kubeba kitu kinachokulisha, kinakaa kwa mwenyekiti mpaka ulipe. Kwangu kitu hicho kilikuwa cherehani.

Lakini sikukula. Hiyo ndiyo naandika hapa. Majina ya watu nayaacha, lakini viti walivyokalia nitavitaja kimoja kimoja.

Kiti cha kwanza ni cha karani wa mishahara, katika kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi zamani huko Thika. Siku moja tulitolewa kwa mashine tukapelekwa pale tunapokulia. Vijana wa benki walikuwa wamekuja na fulana na kalamu za bure. Karani akasimama juu ya benchi akasema kuanzia mwezi huo mshahara unapitia benki, asiyesaini asitafute mshahara. Mimi niliishia darasa la sita, na la sita lenyewe sikumaliza. Karatasi ilikuwa na maandishi madogo kama mbegu za mboga ya terere. Nikauliza karani, "Hapa chini pameandikwa nini?" Akaniambia, "Mama, foleni ni ndefu. Weka sahihi." Nikaweka. Nikapewa kadi na fulana.

Korona ilipofika kiwanda kikatutoa kazini. Nikaenda kwa ile mashine ya benki ya ukutani nikatoa kilichokuwa kimebaki, na nikajua akaunti imeisha. Kwetu kitu kikiisha kimeisha. Gunia likiisha mahindi unalikunja unaweka kando, haliendelei kukudai. Nilihamia Ruiru, nikakodisha chumba Kimbo, nikanunua cherehani ya mkono wa pili, nikaanza kushona sare. Ile kadi niliisimamisha kwa kabati la vyombo, mbele ya glasi za wageni, kwa sababu ilikuwa inapendeza.

Hiyo kadi ndiyo ilinimaliza. Chama chetu kilikuwa kinaweka akiba kwa sanduku la chuma, ya kugawana Disemba. Halafu nyumba ya mweka hazina wetu ikavunjwa na wezi, na ingawa hawakuliona sanduku, aliogopa, akakataa kulala nalo tena. Tulikuwa tumekutana kwangu siku hiyo. Mwenyekiti akainua macho akaona kadi kwa kabati. Akaitoa, ikazungushwa mkono kwa mkono, wakaigeuza, wakaisugua na kidole.

"Kumbe mama fundi ni mtu wa benki na amenyamaza," mwenyekiti akasema.

"Hiyo ni ya zamani," nikasema.

"Benki haina zamani. Si imeandikwa jina lako?"

Kwa hivyo nikafanywa mweka hazina, na juma hilo mimi na mwenyekiti tukaenda Thika tukaweka pesa yote. Alisimama kando yangu pale kaunta. Aliona karani akihesabu. Aliona risiti, akaikunja akaiweka kwa sidiria yake. Sikumbuki siku ingine nimetembea nikiwa na amani kama siku ile.

Disemba nikaenda kutoa. Mashine ikaniandikia kuwa hakuna pesa ya kutosha. Nikatoa kadi nikairudisha. Ikaandika hivyo hivyo. Nikajiambia nimekosea namba, nikabonyeza tena polepole. Nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Mathe, hiyo kitu haitoi kwa kuombewa." Watu wa foleni wakacheka. Nikaingia ndani.

Kiti cha pili ni cha msichana wa meza ya malalamiko. Alikuwa na adabu, siwezi kudanganya. Aliangalia kompyuta, akaangalia mimi.

"Mum, hii akaunti ilikuwa na ovadrafti."

"Hiyo ni nini?"

"Ni kama mkopo. Akaunti ikienda chini ya sufuri, benki inakuongezea."

"Sijawahi kukopa."

"Si wewe. Ni sistimu. Kila mwezi kuna pesa ya kuweka akaunti wazi. Ikikosa kitu cha kukata, inakukopesha, inakata."

"Yaani mlikuwa mnanikopesha pesa ya kuwalipa nyinyi?"

"Ndiyo. Halafu kuna riba. Na faini, kwa kuchelewa kulipa."

"Na hamkuniambia."

"Tulituma meseji kila mwezi."

Laini waliyokuwa wakiitumia hizo meseji niliibiwa Githurai pamoja na simu, nikiwa bado nafanya kiwandani. Kuna mtu huko, kama hakuitupa, alikuwa akisoma mambo yangu miaka yote. Nikamwambia ile pesa si yangu, ni ya wanawake kumi na mbili. Akasema sistimu haijui pesa ni ya nani.

Kiti cha tatu ni cha meneja wa tawi la Thika. Yeye hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alifungua faili akanionyesha sahihi yangu ya siku ya fulana, akaniambia kwa upole kwamba pesa iliyoingia haikumaliza deni, bado nadaiwa, na nikiendelea kusumbua jina langu linaweza kupelekwa kwa orodha ya wasiolipa mikopo, halafu hakuna mahali popote nitakopeshwa tena. "Mimi nakusaidia tu, mama," akasema. Nilitoka pale nikiwa nimeshika ukuta. Kutoka siku hiyo simu ikilia naiangalia kwanza kama nyoka.

Niliwaambia wanawake siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaingiza mkono kifuani akatoa ile risiti.

"Mama fundi, mimi nilikuwa na wewe kaunta. Pesa iliingia. Kadi ni yako, namba ya siri unaijua peke yako. Nani alitoa?"

"Benki."

"Benki inaweka pesa. Haikuli."

Jumapili iliyofuata ndiyo walikuja.

Wiki ile sikutoka nyumbani, isipokuwa kwenda chooni, na huko niliingoja ploti inyamaze. Wenye sare walikuja kuchukua vitambaa vyao nikavipitisha dirishani. Nilikuwa nimeanza kufikiri mambo mabaya, sitayaandika. Halafu jirani yangu wa omena akagonga, akaingia na ugali kwa sahani.

"Mimi sikushika mguu wa meza," akasema. "Uliona?"

"Niliona."

"Sasa kula. Halafu kesho tunaenda hiyo benki. Mimi mtu akinipunja sokoni, naenda nakaa mbele ya meza yake na sitoki."

"Utafungwa."

"Huko si kuna chakula?"

Tulienda. Yeye alibeba gunia lake la omena, ati ataliacha wapi na ni siku ya soko. Tulikaa viti vya mbele, gunia chini ya ile mashine inayopuliza baridi. Askari alikuja akarudi, akaja tena akarudi. Watu walianza kuhama viti. Mimi nilijua saa yoyote nitashikwa. Yeye alifunua gunia kidogo, "zisioze", na akamsalimia kila aliyepita. Muda si muda meneja akatuita juu.

Alisema benki imeamua kunirudishia nusu. Nikauliza kwa nini nusu. Akasema hata hiyo ni kwa hisani tu, benki haina kosa, na lazima nisaini kwamba mambo yameisha. Jirani yangu akanibana mguu, usisaini. Lakini cherehani ilikuwa kwa mwenyekiti, kodi ilikuwa imefika, na lile faili lilikuwa mezani limefunguliwa pale pale. Niliogopa. Nikasaini mara ya pili karatasi ambayo sikuielewa.

Nilipeleka ile nusu kwa wanawake nikifikiri nimepona. Mwenyekiti alihesabu, akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ilinitisha kuliko matusi.

"Mama fundi, fikiria mwenyewe. Benki ikiwa na kosa inarudisha yote. Ikiwa haina kosa hairudishi hata shilingi. Nusu inatoka wapi?"

Sasa wanasema nilirudisha nilichokuwa sijamaliza kula. Nikifika kwa mfereji wa maji mazungumzo yanakatika. Nashona kwa mkono, vifungo na pindo, na cherehani yangu iko sebuleni kwa mwenyekiti imefunikwa na kitambaa cha meza, juu yake ameweka redio.

Kwa hivyo namwambia meneja wa tawi la Thika, na hisani sitaki tena. Nusu iliyobaki si yangu wala si yako, ni ya wanawake kumi na mbili, irudishe. Na usiitume kwa simu wala kwa karatasi ya kusaini. Uje nayo Kimbo Jumapili, tukikutana saa nane kwa mwenyekiti. Usimame hapo kando ya cherehani, uwaambie kwa mdomo wako ni nani alikula.