Mwenye Mvinyo Anywe Kwanza

Nina miaka themanini na mbili. Vijiji vya ujamaa vimekufa, mimi nipo. Wake wawili nimezika, mimi nipo, na hii naandika mwenyewe kwa kidole kimoja.

Sasa sikieni ya leo.

Yule aliyekuwaga balozi wetu wa nyumba kumi amefungua pale Kabasa nyumba ya kuonjea mvinyo wa ndizi. Wageni wanatoka mpaka Musoma.

Nikaenda.

Enzi za ujamaa huyo mtu alimwaga mtungi wa pombe wa mama yangu, siku wakwe wamekuja kuangalia ng'ombe za mahari. Eti ni saa za shamba la kijiji! Wakwe wakarudi kwao na koo kavu, binti nikamkosa. Tangu siku hiyo huyo balozi nilikuwa namsubiri tu.

Basi, leo akatumiminia sisi wageni. "Karibuni, onjeni."

Nikasimama. "Balozi, huku kwetu mwenye pombe anakunywaga kwanza, mgeni ajue haina sumu. Kunywa."

Akaitazama chupa yake.

"Mzee mwenzangu, mimi nimeokoka. Sinywi."

"Unatuuzia usichokunywa? Basi na sisi leo tumeokoka!" Nikafunika glasi yangu.

Mama mmoja akacheka, akafunika yake. Wakafuata wote, hata waliokuwa wameshaanza kusifia!

Balozi akaninong'oneza, chupa mkononi: "Mpaka leo, mzee?"

"Mpaka leo."

Nyinyi mngekunywa? Semeni.

Na anayebisha amuulize huyo mama aliyecheka, Mama Bhoke wa Kamunyonge. Au amuulize balozi mwenyewe, kama atapata mdomo wa kusema.