Nilisema Gitaa la Baba Timo ni la Juzi

Kosa ni langu, na msinitafutie sababu. Nimejitafutia za kutosha mwenyewe.

Mimi ni mtu wa nyumbani hapa Kimumu. Nilimaliza Fomu Four nikarudi kwa kiti cha mama, nikasoma majarida ya magitaa mpaka nikawa profesa wa vitu ambavyo sijawahi kushika. Ukitaka kutofautisha gitaa la besi la kale na lile la juzi lililotengenezwa lifanane nalo, mtaa mzima ungekuelekeza kwangu. Nami niliwaacha waniite profesa.

Baada ya zile fujo za kura, mvua ikinyesha na majivu bado yananuka, kanisa lilitangaza kila aliyechukua kitu cha mtu akirudishe, hataulizwa. Vitu vikarudi kimyakimya: masufuria, milango, cherehani, na gitaa moja la besi.

Baba Timo akaja kutoka kambi ya waliofukuzwa makwao. Alikuwa jirani yetu, akipiga besi kwa harusi, na nyumba yake ilichomwa kwa sababu familia yao ilihesabiwa ya waliokuja. Akasema gitaa ni lake, la kale kabisa, aliachiwa na babake. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa ya kurudisha vitu hakutaka kuamua peke yake. Nikaitwa. Nilienda na slipa.

Watu walikuwa wengi, na waliochukua vitu walikuwa miongoni mwao. Nyuma yangu mtu akakohoa. Hakuna aliyenitisha, nisidanganye. Alikohoa tu.

Nikaona vifunguo vya kukazia nyuzi vinang'aa kama vipya. Nikacheka.

"Baba Timo, hii ni ya juzi. Wameichubua ionekane ya kale. Yako labda ilichomeka."

"Vifunguo nilibadilisha," akasema. "Fungua shingo, kijana wangu. Tarehe iko ndani, kwa penseli."

Skrubu nne tu! Bisibisi ilikuwa mezani. Nikamjibu kwamba profesa hafungui, anaangalia. Watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliopata nafasi ya kupumua. Baba Timo akatuangalia mmoja mmoja, akaenda zake.

Gitaa likabaki kanisani, likipigwa kila Jumapili. Miaka ikapita, shingo ikapinda, nikapewa nirekebishe. Ndipo nikafungua. Penseli ilikuwa pale, tarehe ya kiwandani, hata kabla mimi sijazaliwa. Chini yake, kwa kalamu, jina la babake.

Nilikaa sakafuni. Je, siku ile nilijua? Sikujua. Lakini pia sikutaka sana kujua.

Ilinichukua miezi kupata namba yake. Aliposhika simu nikamwambia yote, nikaahidi kumpelekea gitaa popote alipo.

Alijibu pole pole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Sikuwa nimekuja kwa sababu ya gitaa. Mama Timo alikuwa anataka turudi tujenge. Nikamwambia ngoja kwanza nione kama kuna mtu hata mmoja pale atakubali kitu changu ni changu. Ploti niliuza wiki ile."

Gitaa hakulitaka tena. Bado liko kwangu, na siwezi kulipiga.

Sasa kura zinakaribia. Wiki hii watu wawili wameniuliza, ati kwa utani, kama bado nakumbuka familia gani zilikuja hapa kutoka wapi, na zinakaa ploti gani. Wananiuliza kwa sababu mimi hujua kila kitu.

Niliwaambia sijui. Ni mara ya kwanza nasema hivyo maishani, na kwa Baba Timo nimechelewa. Nyinyi wenzangu mnaopenda kuulizwa, zoeeni hilo neno mapema, kabla mtu hajafunga mizigo yake kwa sababu ya jibu lenu.