Ng'ombe Aliyeozeshwa kwa "Tumewasikia"

Sadallah hajawahi kumwambia mtu "hapana". Namfahamu tangu tukiwa vijana, na kibanda chetu cha makochi hapa Kiwalani ni kimoja: mie napiga fremu za mbao, yeye anavalisha sponji na kitambaa. Mteja akimuuliza kama kochi litakuwa tayari Ijumaa, anajibu inshallah. Wateja wa zamani hawasikilizi neno, wanamtazama mkono. Inshallah ikisemwa na futi ya kupimia mkononi, Ijumaa kochi lipo. Ikisemwa mikono mitupu, mteja anaaga vizuri na kwenda kutafuta fundi mwingine, wala hakuna anayenuna.

Kwa sababu ya tabia hiyo kibanda chetu kimejaa vitu vya watu. Kuna matari ya madrasa iliyohama, kuna kabati la bwana mmoja aliyeomba liegeshwe hadi mvua ikatike, na kuna jeneza jipya kabisa. Mgonjwa aliyechongewa alipona, na nduguze wanaona aibu kupita nalo mbele yake. Walimwomba Sadallah awatunzie. Akasema tutaona, nao wakalishusha.

Mkewe, Najat, ni kinyume chake. Huyo akitaka kusema hapana unaisikia hadi barabara ya lami. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa na hapana ya kutosha, mpaka Najat alipokwenda Kilwa kumuuguza mama yake.

Mama huyo aliwahi kukaa nao hapa, na yeye na Najat walikuwa wakicheza gemu moja la kwenye simu, Mashamba Jirani. Unakuwa na shamba, unapanda, unafuga, unatembeleana na watu wa mbali usiowajua. Humo walimlea ndama mpaka akawa ng'ombe, wakamwita Kibibi. Sasa bibi kumbukumbu zinamtoka. Humwita Najat dada, na wajukuu hawatambui tena. Lakini kila asubuhi kabla ya uji huuliza, "Kibibi kala?" Anaonyeshwa Kibibi kwenye simu, amesimama zizini anatafuna, naye anakunywa uji. Asipomwona, hanywi.

Shamba liliandikishwa kwa simu ya Sadallah. Najat akiwa Kilwa aliweza kuingia kama mgeni tu, kutazama bila kugusa.

"Baba Nusaiba," alimwambia siku ya kuondoka, "nyumba ikianguka tutajenga. Kibibi asitoke zizini."

"Inshallah," Sadallah akasema. Najat akamshikisha futi, kisha akamwambia aseme tena.

Kulisha ng'ombe wa kwenye simu huku umeshika nyundo na misumari mdomoni ni kazi. Sadallah akawasha msaidizi wa akili mnemba, ambaye gemu hilo linamtoa bure. Anaongea kwa sauti ya kijana mpole. Anaweza kupanda, kuuza mazao, kujibu ujumbe, kuhamisha mifugo. Ila kwanza mwenye shamba anamwekea mipaka. Kila kazi ina vitufe vitatu: Ruhusu, Uliza Kwanza, na Kataza.

"Hiki cha Kataza kikali," Sadallah aliniambia. "Unamkatazaje mtu ambaye hata hajakosa?"

"Siyo mtu huyo, Sadallah."

"Lakini kanisalimia shikamoo."

Akabonyeza Uliza Kwanza kote.

Basi akaanza kuulizwa. "Mzee Sadallah, jirani anaomba kuazima trekta. Nimpe?" Sadallah akajibu, "Haya, tutaona." Msaidizi akasema, "Kibali kimepokelewa," na trekta likaondoka. "Wafuga bata wanakuomba uwe katibu wao." "Inshallah." "Kibali kimepokelewa." Ikafika mahali Sadallah ni katibu wa wafuga bata, mlezi wa timu ya mbio za punda na mgeni rasmi wa ufunguzi wa kisima, na yote hayo kayakataa kwa adabu.

Jioni moja msaidizi akasema, "Mzee, kuna ujumbe kutoka kwa mama Apolonia wa Tegeta. Ana dume anaitwa Kamanda. Ameleta posa ya Kibibi. Nimjibu nini?"

Sadallah akaweka nyundo chini. Posa ina taratibu zake. Hata mshenga aje na jambo usilolitaka kabisa, humfukuzi. Unamkaribisha, unamwambia tumewasikia, anaondoka, na kama hutaki, ukimya wako ndio jibu. Hapa kila mtu anajua hivyo.

"Mwambie tumewasikia," akasema.

"Kibali kimepokelewa. Kibibi amehamia Tegeta. Hongera, mzee."

Tukatazama zizi. Lilikuwa na ndoo tu.

Msaidizi akaeleza vizuri bila wasiwasi wowote: mwenye mfugo anaweza kumrudisha hadi adhuhuri ya kesho yake. Ikipita hapo, amehama moja kwa moja.

"Mwambie amrudishe sasa hivi!" nikasema.

"Twaha, nitamrudishaje kimyakimya? Mama wa watu kaposa kwa heshima. Ni lazima nikamwambie mwenyewe."

Na Apolonia alikuwa ameshatuma ujumbe: wakwe, karibuni Tegeta, dukani kwangu, duka la rangi lenye mlango wa kijani. Asubuhi tukaenda wote wawili ili mie niongee. Hilo lilikuwa kosa, maana mie mwenyewe mbele ya wageni huwa natazama viatu.

Apolonia alikuwa mama mnene mchangamfu, mzaliwa wa Newala, anakoroga rangi kwa ubao. Alipotuona akapiga kigelegele peke yake katikati ya ndoo.

"Wakwe zangu! Kaeni. Yupi baba wa binti?"

Nikamwonyesha Sadallah kwa kidole. Tukapewa soda.

"Haya, mmekuja kwa heri? Mmekuja kudai mahari au kusalimia?"

"Kusalimia tu," akasema Sadallah.

Nikamkanyaga mguu. Akaongeza, "Na kuwapa pole kwa jua."

Tukaletewa soda nyingine. Apolonia akatuonyesha simu yake: Kibibi amesimama kando ya dume jeusi, kavikwa shada la maua. Akasema wanakwaya wenzake wote wameshamtembelea bibi harusi. Kisha akatuambia rangi gani ameipaka zizini na akataka maoni yetu. Sadallah akasema imependeza. Kila alipokohoa ili aanze, mama yule alimwongezea biskuti.

Simu ya Sadallah ikaongea mfukoni. "Mzee, imebaki robo saa. Kibibi abaki Tegeta moja kwa moja?"

Sadallah akafungua mdomo. Niliiona inshallah ikija, nikaichomoa simu mfukoni mwake na kuifunika kwa kiganja. Ikaita mkononi mwangu. Alikuwa Najat; nikapokea kwa spika.

"Baba Nusaiba, zizi tupu! Kibibi yuko wapi? Mama tangu asubuhi uji umepoa mara mbili, kafunga mdomo."

Sadallah akainamia simu. Ndipo tukaisikia sauti nyingine nyuma, nyembamba, ya mtu anayeuliza bila kumlaumu yeyote: "Kibibi kala?"

Apolonia akaacha kukoroga.

Sadallah alisimama, chupa ya soda ikaanguka, na akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Hapana! Simtoi! Sikumtoa jana, simtoi leo, na rangi ya zizi lako mbaya!"

Mteja mmoja akarudisha brashi aliyokuwa ameishika, akidhani anaambiwa yeye.

"Nimeelewa," akasema msaidizi. "Kibibi amerudi nyumbani."

Kilwa ikapiga kelele kwenye simu. Najat alikuwa akisema, "Huyo hapo, mama, huyo hapo, anakula," na baadaye kidogo tukasikia kijiko kikigonga bakuli.

Sadallah akaketi, jasho linamtoka. "Dada Apolonia, unisamehe. Kuhusu rangi nilipitiliza."

Apolonia alikuwa anacheka hadi anashika kaunta. "We baba we! Kumbe sauti unayo! Kwetu mtu asipotaka anasema kabla hata hujakaa. Wewe umeninywea soda mbili ndo ukakumbuka?"

"Mie nilisema tumewasikia."

"Si ndiyo nikajua mmekubali! Mngekuwa hamtaki si mngenijibu hamtaki?"

Tuliporudi kibandani, Sadallah akalifungua lile jedwali la vitufe. Kwenye kuhamisha mifugo akabonyeza Kataza, akamwambia msaidizi, "Usione vibaya, mwanangu." Kwa mengine yote alimwekea mpaka wa maneno. Alimweleza kwamba inshallah, haya, tutaona na tumewasikia si vibali, ni adabu. Kibali ni neno moja tu, kata, kwa sababu kitambaa hakikati mpaka amekubali kweli moyoni.

"Nimeelewa. Bila neno kata, sifanyi," akajibu msaidizi.

Najat alipopiga simu kusema bibi amemaliza bakuli zima, Sadallah alikuwa tayari ameshamkubalia mtu mwingine kuegesha friji mbovu pembeni ya jeneza. Watu si msaidizi, hawana pa kubonyeza.

Wiki chache baadaye msaidizi akasema, "Mzee, Kibibi ana mimba. Mama Apolonia anauliza ndama atakuwa wa nani."

Sadallah alifikiri sana, futi ikiwa mezani.

"Mwambie tumewasikia."

"Hujasema kata, mzee," akajibu msaidizi. "Nitamwambia mmewasikia, na ndama nitamwacha kwa mama yake."