Radhi Aliyoniomba Consolatha

Consolatha Niragira alikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipomfahamu, mwaka 1998, katika ofisi ya shirika moja lililohudumia wakimbizi wa Burundi wilayani Ngara. Kwao aliacha masomo ya ualimu akiwa amebakiza mwaka mmoja, akavuka mpaka na baba yake na ndoo mbili. Kiswahili alikiokota kwenye foleni ya maji, kwa hiyo alianza na cha ugomvi, cha adabu kikafuata baadaye. Kazi yake ilikuwa kuingiza majina ya familia kwenye kompyuta, na alikuwa hakosei. Kina Nshimiyimana walikuwa wengi kambini kuliko sahani, lakini yeye alimjua kila mmoja wao na mama yake.

Mimi ni Ansbert, fundi. Redio nilifundishwa misheni Rulenge. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, na ndiyo maana niliringa kuliko waliofundishwa.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ya mezani, zawadi ya watu wa ng'ambo waliokuwa wamechoka nayo. Ikaanza tabia ya kuzima. Consolatha anaandika majina thelathini, kioo kinakuwa cheusi, anaanza upya. Nilibadilisha waya. Nilijaribu soketi nyingine. Nilifungua kasha nikapuliza vumbi jekundu, nikachomoa na kuchomeka tena kila kilichokubali kuchomoka. Wapi. Mwishowe nikafanya nilichopaswa kuanza nacho: nikaingiza kipimo kwenye soketi ya ukutani. Badala ya volti mia mbili na thelathini, nikakuta mia na thelathini. Methusela, mwendesha jenereta, alikuwa akiiendesha polepole ili dizeli ifike mwisho wa mwezi, na balbu zetu zilikuwa nyekundu kama makaa.

Fundi mwenye busara angezungumza na Methusela. Mimi nilikuwa na maarifa tu. Nyuma ya kompyuta za aina ile kuna swichi ndogo nyekundu ya kuchagua umeme: namba kubwa kwa nchi kama yetu, namba ndogo kwa nchi zenye umeme mdogo. Nikaitelezesha kwenye namba ndogo, na kompyuta ikatulia. Wiki mbili haikuzima hata mara moja. Bi Adelfina, mkuu wa ofisi, alinisifu mbele ya wote, na Consolatha akanipikia maharage. Sikumweleza mtu nilichofanya, maana siri ya fundi ndiyo heshima yake. Nilijua pia kwamba umeme ukirudi kuwa mzima, kifaa kitaungua. Nilijua, nikajiambia nitakumbuka.

Kisha wakaja wafadhili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli siku ile balbu zilipona: Methusela alifungua mafuta hadi mwisho ili ofisi ing'ae. Ujio wao tulitangaziwa tangu Jumatatu. Nilinyoosha shati langu vizuri sana. Swichi sikuikumbuka.

Consolatha alifuta meza kwa kitambaa kibichi, wageni wakamzunguka, akabonyeza. Mlipuko, moshi, harufu ya kuungua, na mgeni mmoja akaketi sakafuni bila kupenda. Niliitwa. Nikainama nyuma ya mashine, na kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kidole changu kiliirudisha ile swichi kwenye namba kubwa. Halafu nikainua kichwa nikauliza, kwa sauti ya kitaalamu, "Hiki kitambaa kibichi ni cha nani?"

Sikusema lingine. Hata leo hujitetea kwamba niliuliza tu, na hata leo naona aibu. Consolatha alisema maji hayakufika kwenye mashine. Siku hiyohiyo aliambiwa asirudi. Mimi niling'oa pawasaplai, kile kisanduku cha kupokea umeme, kwenye kompyuta nyingine mbovu nikaifunga pale, mashine ikawaka, majina yote yakiwa salama, nikasifiwa mara ya pili.

Jumapili iliyofuata baba yake, mzee Ndikumana, alikuja kwenye chumba nilichopanga. Kwao alikuwa katekista, mwalimu wa dini. Alikuja na dumu la pombe ya ndizi, na binti yake nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto huyu ameharibu kazi ya mikono yako. Ana neno."

Kwao na kwetu Wahangaza, anayeomba radhi huja na pombe, na ukiinywa, neno limekwisha, halifufuliwi. Consolatha alipiga magoti. "Nisamehe, fundi. Mimi ndiye niliyeunguza mashine kwa maji." Aliyasema bila kunitazama. Mzee akanikabidhi mrija.

Nilikunywa. Ningeweza kukataa, nikanywa, tena nikasema pombe ni nzuri.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miezi mitatu, na kila nilipomkuta Consolatha amebeba kuni alinisalimia kwa heshima, maana neno lilikuwa limekwisha. Salamu zile zilinishinda. Asubuhi moja niliingia kwa Bi Adelfina nikasema yote. Aliniuliza nilikuwa nalalaje. Nafasi ya Consolatha ilikwisha kupewa mtu. Bi Adelfina aliandika barua kwamba kosa halikuwa la binti huyo, akaniamuru niipeleke mwenyewe.

Niliwakuta nje ya kibanda chao, Consolatha akichambua maharage. Mzee alisoma barua mara mbili. Nikamweleza habari za swichi, nikamwambia binti yake hakuwa na kosa lolote, nikaomba radhi.

"Yale maneno aliyokuambia siku ile," akasema taratibu, "nilimkaririsha mimi. Alikataa. Nikamwambia hatakula kwangu mpaka ayaseme." Akaikunja barua. "Nimefundisha watoto wa watu wasiseme uongo miaka ishirini na sita. Wa kwangu nimemfundisha kuusema."

Akamgeukia binti yake, akamwomba msamaha kwa Kirundi. Nilielewa, kwa kuwa Kihangaza si mbali.

Consolatha hakuinua macho kwenye ungo. Alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Baba, mimi nilikuapia mara tatu. Huyu hakukuapia hata mara moja, ukamwamini."