Chatu wa Bustani ya Themi na Isale la Mama Mkwe

Mnaniona nacheka hapa, lakini mkasa huu niliubana kifuani miaka mingi, hata kaka yangu hakuusikia kutoka kinywani mwangu (aliusikia kwa watu, tena umeshaongezwa chumvi), maana mwanamume mzima kukimbia analia mbele ya mama mkwe mtarajiwa si jambo la kusimulia hovyo.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa sokoni, kampuni za utalii zinaota Arusha kama uyoga. Tajiri mmoja akakodi kipande cha pori kando ya mto Themi, akafyeka, akaweka mabenchi, bembea, jiko la nyama choma na daraja la kamba juu ya dimbwi moja lenye maji meusi, akasema hii sasa ni bustani. Mimi akanichukua niwatembeze wageni na kuwaeleza historia ya mahali. Historia yenyewe ilikuwa nyembamba: walowezi walikuwa wanakuja kuvua samaki na kunywa chai chini ya miti, baada ya Uhuru manispaa ikaotesha miche pale, miche ikakauka, wakabaki kima na vichaka. Basi, imeisha hiyo.

Sasa wakati ule nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Aikande, binti wa Kimachame tuliyekuwa naye kwaya, na jibu lilikuwa halijatoka. Nilikuwa silali kwa ajili ya jibu lile. Jumamosi moja asubuhi Aikande akanijia anahema.

"Eli, mama na shangazi wanakuja bustanini leo. Watajifanya wanatembea tu, kumbe wanakuja kukuchungulia."

"Wanichungulie nini?"

"Ulivyo. Nakuomba, usijifanye mjuaji."

Nikaitikia sawa, halafu nikaenda kuazima koti la jirani yangu pale Lemara.

Wakaja kweli. Mama Aikande mtu wa kimya, kitenge kipya kinang'aa, na shangazi, mama wa mwili wake, ana macho ya kukagua ng'ombe mnadani. Shikamoo, marahaba, tukaanza safari, nikawaonyesha bembea, nikawaonyesha kima, nikawaeleza walowezi na miche yao, tukafika kwenye dimbwi na maneno yameniishia. Shangazi akaniangalia kutoka viatuni mpaka kwenye kola.

"Ndiyo hayo tu?"

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Ningesema "ndiyo, mama," leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Nikasema, "Hapana mama, kuna na chatu."

Jamani! Sijui lilitoka wapi. Na likishatoka huwezi kulirudisha, basi nikaendelea, nikasema chatu huyo anakaa humu tangu enzi za Mjerumani, ni mkubwa kuliko shina la mgomba, hadhuru mtu, ila mwongo akikanyaga daraja lazima ajitokeze. Bibi harusi na wapambe wake waliokuja kupiga picha wakasogea kusikiliza, na wapiga tarumbeta wao nyuma, nami nikavimba kichwa.

Shangazi akatikisa kichwa taratibu. "Vizuri sana. Basi tangulia, baba, tukuone ukivuka."

Nyie, damu ilinihama. Kwanza kuogelea sijui. Pili, marehemu bibi yangu alinilea kwa kunitisha na madimbwi ya mto, kwamba yana wenyewe, na hofu ya utotoni haiondoki kwa kuvaa koti. Tena mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha mlimani Meru, mto umejaa, maji ya dimbwi yanazunguka yenyewe. Lakini nitakataaje? Watu wote wananitazama. Nikakanyaga mbao za kwanza, daraja likayumba, jasho jembamba linanitiririka mgongoni, nikawa naomba kimoyomoyo, Bwana nivushe, sitasema tena uongo. Mama Aikande (sikujua) alikuwa ananifuata, labda alinionea huruma.

Nafika katikati, maji yakafanya bwubwu! Kitu cheusi, kinene kama paja la mtu, kikainuka, kikajinyonga, kikalala tena.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilipiga ukelele ambao tajiri aliusikia akiwa jikoni. "Nisamehe! Nimedanganya! Historia siijui! Koti si langu! Hata nyumba niliyosema najenga sijengi, nimepanga chumba!" Huku nimeshageuka, natoka nduki, na daraja ni jembamba, na mama mkwe ndiyo kwanza anakanyaga mbao za mwanzo mbele yangu. Nikamsukuma. Ndiyo, nilimsukuma mama mkwe, akaenda kukaa kitako matopeni ukingoni na kitenge chake kipya, mimi nikampita mbio mpaka kwenye uzio wa seng'enge, koti likanasa, nikabaki naning'inia nalia.

Mtu mmoja akachukua fito akakivuta kile kitu. Mpira wa ndani wa tairi la lori, umepasuka, umeletwa na mafuriko. Wale wa harusi walicheka mpaka bibi harusi akashika tumbo, na mpiga tarumbeta mmoja, Mungu anamwona, akanipigia kabisa.

Shangazi akaja chini ya uzio. "Chatu wako huyo hapo. Na mama wa watu umemtupa matopeni."

Mama Aikande akafuta tope, akaondoka bila kugeuka. Mgongo ule uliniogopesha kuliko dimbwi. Nikajua Aikande nimemkosa.

Kesho yake baada ya ibada nikamwangukia mshenga wangu, Baba Kundaeli. Akasema, "Dawa ni isale. Kwetu Uchagani mtu akikujia na jani la isale kuomba radhi, humkatalii, hata angekuwa amekuulia ng'ombe." Tukaondoka hapohapo. Tumebakiza hatua chache kufika kwa mama, shambani kwake nje kidogo ya mji, akaniuliza, "Isale liko wapi?"

"Si unalo wewe, baba?"

Lo! Nikaangaza macho, kando ya njia masale yamejipanga mstari mzima. Sikuwa na kisu, nikalivuta moja likang'oka, nikalishika tukaingia.

Nikapiga magoti nikalitoa kwa mikono miwili. Mama akalipokea, akaligeuza, akalitazama muda mrefu, udongo mbichi unadondoka sakafuni.

"Mbona lina mizizi?"

Nikaonyesha nje kwa kidole. Baba Kundaeli akafumba macho. Ule mstari ulikuwa mpaka wa shamba la mama na jirani yake, mpaka waliougombania kwenye baraza mpaka wazee wakaja kuupanda upya kwa masale, na mimi nimeung'oa mchana kweupe ili nimwombe radhi! Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Halafu akanirudishia.

"Isale halikataliwi. Ya jana nimekusamehe. Ila binti yangu subiri kwanza. Karudishe hili pale ulipoling'oa, jirani akuone, na siku nikiona limechipua ndipo utapata jibu la posa yako."

Nililirudisha nikiwa nimepiga magoti njiani, jirani kanisimamia mikono kiunoni. Nikawa kila nikitoka kazini napitia kwenye mpaka wa watu na kopo la maji, nachuchumaa, natazama jani kama mgonjwa mahututi, nikiona limenyauka kidogo silali. Liliota, namshukuru Mungu, na Aikande ndiye huyo anayewakaangia ndizi huko jikoni. Lakini mpaka leo mtu akiniuliza jambo nisilolijua, hata kama ananidharau, nasema sijui, na nikifika ukweni natembea katikati ya njia, mikono mfukoni.