Mkate Unaochemshwa

Mkahawa ulio karibu na ofisi yangu, hapa Al Khuwair, umeanza kuoka mikate ya duara yenye tundu katikati. Leo harufu ya ufuta uliobabuka imenisimamisha mlangoni.

Nilikuwa bado mdogo jirani yetu, mama mmoja wa Kizungu, alipotuletea sahani ya mikate kama hiyo. Bibi yangu aliugeuza mmoja, akaunusa, akachungulia tunduni. Alipoambiwa kwamba huchemshwa kabla ya kuokwa, akausukuma kando.

"Mkate unachemshwa kama muhogo? Mie nnataka kuona kilichomo."

Kesho yake akanishika mkono, tukaenda jikoni kwa jirani, mimi nikiwa mkalimani wake. Alikaa karibu na jiko bila kupepesa macho: unga, chumvi, hamira, maji. Mafuta ya nguruwe aliyoyatafuta hakuyaona.

"Muulize, kafunzwa na nani?"

"Na bibi yangu," alijibu jirani. "Sisi Mayahudi mkate huu tunaula asubuhi."

Niliogopa Bibi angekasirika, lakini nikatafsiri. Bibi alimkazia macho.

"Na huyo bibi yake kazikwa wapi?"

Jirani aliendelea kukanda. "Hatujui. Walimchukua wakati wa vita, hakurudi."

Bibi, aliyeyaacha makaburi yote ya kwao Unguja alipohamia huku, alinyoosha mkono kwenye mikate iliyokwishaokwa. Alichukua mkate wa moto, akaumega, akaula wote. Kisha akainuka, akajitanda mtandio wake.

"Mwambie kesho nnakuja tena," akaniambia. "Bado simuamini."