Bibi Alipewa Ruhusa

Leo hapa Madibira tumefaulu mazoezi ya mafuriko, na bibi yangu amekufa maji.

Msianze kutuma pole, bado yu hai. Nisikilizeni kwanza.

Saa nne asubuhi mkufunzi kutoka wilayani alipuliza filimbi. Kila kaya ilitakiwa ikimbilie uwanja wa kanisa, kule mwinukoni. Mimi nilibeba gunia la mbegu ya mpunga. Ndiyo, mbegu! Huku kwetu hicho ndicho mtu anachookoa kwanza.

Ndani ya robo saa wote tukawa tumefika. Balozi wetu wa nyumba kumi akasoma majina, mkufunzi akatupigia makofi.

Nikauliza, "Balozi, mbona jina la bibi hujalisoma?"

"Ah, mwanangu, wazee na wagonjwa nimewapa ruhusa. Tusiwasumbue bure, ni mazoezi tu."

Watu wakaitikia kwamba hiyo ndiyo heshima.

Na mimi pia nilipita mlangoni kwake na gunia kichwani.

Nikarudi nyumbani. Bibi, ambaye huu ni mwaka wa tatu miguu haimbebi, nikamkuta amekaa kitandani. Amejifunga kitenge cha kanisani. Viatu kavaa mwenyewe, sijui kwa shida gani. Kadi ya kliniki iko mkononi.

"Nilisikia filimbi," akasema. "Nikajua unakuja."

Ripoti imeshaandikwa: wote salama.

Haya, niambieni. Kwenu nani kapewa ruhusa?